Makubazi ya Namba Kumi

Mlioniona nikishuka basi pale stendi ya Kange, hapa Tanga, nimevaa makubazi ya kiume, makubwa, soli imebaki nyuma ya kisigino vidole viwili, mmeniuliza sana. Wengine mmeuliza kwa wema, wengine kwa kunicheka, na Mwanahawa wa duka la vitenge ametangaza soko zima kwamba nimepata bwana Afrika Kusini. Sikupata bwana. Nimechoka kueleza kipande kipande kila ninapokwenda kununua nazi, kwa hiyo naandika yote mara moja. Mwenye kusoma asome, amsimulie mwenzake.

Kwanza niwakumbushe jambo. Duka letu la makubazi la Ngamiani lina sheria moja mnayoijua nyote: mteja hatoki na kiatu kipya mkononi. Vinawekwa chini, anavivaa mwenyewe, anatoka navyo miguuni. Vile alivyokuja navyo ndivyo vinavyoingia mfukoni. Miaka yote tumewaambia kwamba kiatu kipya kikitoka dukani mkononi ni nuksi, nanyi mkaamini, au mkajifanya mnaamini ili tusigombane. Habari ya nuksi ni uongo wetu. Ukweli nitausema mahali pake.

Baba yangu, Mzee Bakari, ana miaka themanini na nne na macho yake yamekwisha. Mwaka huu aliniambia kwamba kazi nimeiweza, duka ni langu, ila hawezi kunikabidhi bila kigezo. Kigezo chenyewe ni kibao chenye umbo la unyayo. Babu yake baba, Feruzi, ndiye aliyekichonga kwa kufuatisha mguu wake mwenyewe, akakatia kiatu chake cha kwanza. Kila anayekabidhiwa duka hukata jozi moja kwa kibao hicho, hata kama ni kikubwa kuliko mguu wake, akaivaa na kutembea njia aliyotembea Feruzi. Hati nyingine hatuna.

Sasa kigezo kilikuwa Johannesburg. Kaka yake baba, marehemu baba mkubwa Omari, aliyeshika duka kabla ya baba, alimpa mwanawe Kassim alipokwenda kusini, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Kassim ni mdogo wangu, mtu mwenye salamu nyingi. Anatuma picha za mwanawe, anauliza hali ya macho ya baba, lakini ukitaja kigezo anapotea wiki mbili. Baba akawa ananiuliza kila Ijumaa, na kila Ijumaa sina jibu. Nikaamua kwenda mwenyewe. Ndege naiogopa, na hilo msinicheke.

Dar es Salaam hadi Tunduma

Kwenye basi la kutoka Dar nilikaa na mama mmoja wa Harare, mfanyabiashara wa vitenge, aliyejitambulisha kwa jina la Mai Tendai, yaani mama yake Tendai. Kiswahili alikuwa nacho, lakini chote alikiokota Kariakoo. Akitaka nisogee alisema, "Punguza." Nikimpa chungwa aliuliza, "Bei ngapi?" Na alipochoka kusikiliza redio ya dereva alimwambia, "Sitaki, naondoka," japo hakuwa na pa kuondokea, kwa kuwa tulikuwa katikati ya Mikumi. Nami Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na baadhi yenu.

Tunduma tulifika na kukuta foleni ya malori isiyoonekana mwisho. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri, nikala wali maharage mara mbili kwa kukosa la kufanya.

Mpika, ambako hatukupanga kukaa

Zambia ni nchi ndefu. Karibu na Mpika basi likazima, dereva akashuka, akafungua, akatazama, akafunga. Tukaambiwa kifaa kinatoka Lusaka. Tulikaa siku nzima na nusu kando ya barabara. Akina mama wa pale walituletea nshima, ambayo ni ugali laini kuliko wetu, na viwavi wa kukaanga. Nilisema sili wadudu. Kufikia jioni nilikuwa nimemaliza sahani, na kwa kweli wana ladha ya dagaa waliokaushwa vizuri.

Hapo ndipo gidamu, yaani ukanda wa ndara, ya Mai Tendai ilipokatika. Mimi sisafiri bila msharasi, ile sindano ya kutobolea ngozi, na uzi, nikaketi, nikaibana ngozi kwa vidole vya mguu kama tunavyofanya dukani, nikashona. Nilipomaliza akanyoosha mkono apokee. Nikarudisha mkono wangu nyuma bila kufikiri, nikakiweka kiatu chini na kumwonyesha avae. Akanyoosha mkono tena, nikakivuta. Uso wake ukabadilika. Akauliza, "Bei ngapi?" Nikamwambia hakuna bei, vaa tu. Hilo likaharibu kabisa, maana mtu anayekushonea bure kisha akakukazania uvae mbele yake lazima kuna kitu ametia. "Sitaki," akasema, na safari hii alikuwa na maana yake.

Abiria wakakusanyika. Dereva, Mnyakyusa mwenye busara, akaniuliza kama nimeweka dawa. Nikamweleza kwamba kwetu kiatu hakipokewi mkononi. Akaniuliza kwa nini. Nikajibu kwamba ni nuksi, na jinsi nilivyolisema mbele ya watu wazima ishirini waliosimama juani, nikasikia mwenyewe lilivyo neno jepesi. Mwishowe nikakivaa kiatu kile mimi, nikalizunguka basi zima, nikarudi mzima. Ndipo Mai Tendai akavaa. Hakuniongelesha hadi Lusaka, lakini Harare aliposhuka alinikumbatia na kunipa mkate.

Zambezi hadi Limpopo

Mipaka sitaisimulia, kila mtu ana habari yake ya mpaka. Niseme tu kwamba pale Beitbridge, mlango wa Afrika Kusini, ofisa alitoa msharasi wangu na kisu cha kukatia ngozi, akaviweka juu ya meza na kunitazama. Nikamchorea kubazi kwenye bahasha. Akaliangalia, akamwita mwenzake aje alione, wakaanza kubishana kwa lugha yao kama ni la kike au la kiume, foleni ikisubiri. Wakanirudishia kila kitu. Bahasha walibaki nayo.

Jeppestown

Kassim alinipokea katikati ya jiji, amenenepa, ndevu zimeingia mvi, na miguuni amevaa raba nyeupe. Nililiona hilo kabla ya jambo lingine lolote. Mtu wa ukoo wa Feruzi, fundi wa makubazi, amevaa raba. Nikasema labda ni baridi.

Karakana yake iko Jeppestown, ghorofa ya kwanza ya jengo lililokuwa kiwanda zamani, jirani na hosteli ya wafanyakazi. Chini kuna mafundi wa magari, juu kuna mafundi wa kila kitu. Anakichangia chumba na Mama Furaha, mshonaji kutoka Bukavu anayeshona magauni ya kwaya. Mama Furaha aliacha cherehani yake, akanishika mikono yote miwili.

"Karibu sana, mama. Papa Nandi iko anakuongelea kila siku," alisema. Papa Nandi ndiye Kassim. Wenzetu wa Kongo humwita mtu kwa jina la mwanawe, na Nandi ni binti yake Kassim.

Mlangoni kulikuwa na kibao cha jina moja tu: FERUZI. Nilifurahi, sitaficha. Ndani ngozi nzuri, mashine ya kushonea soli, jozi zimepangwa ukutani, mkono uleule wa baba mkubwa Omari katika kila ukanda. Anapofanya kazi huvua raba na kubaki miguu mitupu, ngozi kaibana kwa vidole, sawasawa na sisi. Mezani kulikuwa na vigezo vya saizi zote, vya mbao na vya plastiki. Cha Feruzi sikukiona. Juu, kwenye msumari karibu na dirisha, palining'inia mfuko mweusi wa plastiki wenye vumbi. Nilipouliza kuna nini, Kassim alisema takataka.

Nikamwambia palepale nimefuata nini. Nilimweleza jinsi baba anavyouliza kila Ijumaa na kwamba umri hauna subira. Akasema, "Eish, dada, ndiyo kwanza umefika. Kesho." Kesho yake akasema kesho. Siku ya tatu akasema twende Midrand kwanza.

Mchana Mama Furaha alitupa ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, kimepikwa kwa mawese bila nazi. Nilimwambia kwetu kisamvu bila nazi hupewa mgonjwa. Alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akaniongezea.

Midrand

Midrand ni maghala na nyumba zilizozungushiwa ukuta, kilomita kwa kilomita, na hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Kassim alikuwa anapeleka maboksi kwenye ghala ambalo hutuma bidhaa kwa wateja nchi nzima. Alipofungua mlango wa gari nikaona: makubazi yetu, jozi arobaini, kila jozi imelazwa kwenye boksi na kufunikwa karatasi. Zinakwenda mikononi mwa madereva, kwa watu ambao Kassim hatawaona kamwe.

Nilimwuliza kama baba yake angekuwa hai angesema nini. Kassim akajibu, bila hasira, "Mteja wangu yuko Cape Town, dada. Nitamwekea viatu chini vipi?" Kisha akafungua boksi moja akanionyesha kadi iliyokuwa ndani. Ilikuwa ya Kiingereza. Niliielewa nusu, lakini neno moja nililijua vizuri, slave, nalo lilikuwa kwenye mstari wa kwanza. Nandi, ambaye ana miaka kumi na saba na alikuja nasi kwa kuwa shule imefungwa, alinisomea polepole. Kiswahili anakielewa chote ila kukisema anaona haya, hivyo alisoma Kiingereza na baba yake akafasiri. Kadi ilisema hivi: babu yetu Feruzi alikuwa mtumwa, alibeba viatu vya mtu mwingine mkononi. Tafadhali usibebe hivi. Vivae ndani ya nyumba, kisha utoke.

Sasa nawaambia ninyi, kwa kuwa wafanyakazi wa ghala la Midrand wanajua na nyinyi majirani zangu hamjui. Feruzi aliletwa pwani akiwa mtoto, kutoka upande wa Nyasa, akauzwa kwa tajiri mmoja wa Tanga. Kazi yake kila Ijumaa ilikuwa kumfuata bwana wake msikitini, kuvipokea viatu vyake mlangoni, na kukaa navyo mkononi hadi swala iishe. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuvaa kiatu mbele ya bwana. Kwa miaka hiyo yote ya kuvishika alivisoma, mshono kwa mshono. Utumwa ulipofutwa alitafuta kipande cha ngozi, akachonga kigezo cha mguu wake, akakata, akashona, akavaa, akapita barabarani mbele ya baraza ya yule bwana, mchana, watu wakiona. Wateja wake wa kwanza walikuwa watu kama yeye, wazee wazima ambao hawajawahi kuvaa kiatu maishani. Wengine walilipa kuku. Feruzi aliwawekea viatu chini na kusogea kando, maana alisema ameshawavisha watu vya kutosha. Hakuna aliyetoka kwake na kiatu mkononi. Ndiyo sheria yetu, na ndiyo nuksi tuliyokuwa tukiwasimulia.

Kwetu habari hiyo husemwa mara moja, ndani ya chumba, siku ya kukabidhiwa. Mimi niliambiwa mapema kwa sababu ya safari hii. Mnajua sisi tulivyo: mtu atagombana na wewe miaka kumi asikukoseshe usingizi, lakini akikutajia babu yako alikotoka umekwisha mtaani. Na huyu ameichapa kwenye kadi.

Rosettenville

Kassim anaishi Rosettenville, kusini mwa jiji, mtaa wa Wareno wa zamani na Waafrika wa kila nchi, na kila kona kuna mtu anachoma kuku kwa pilipili. Mke wake, Nomsa, ni Mzulu, mwanamke mpole mwenye sauti kubwa. Aliona nimenuna, akadhani sili kwa sababu ya nyama. Akakimbia jikoni na kurudi na mfuko wa kuku alioutoa kwenye pipa la taka, anionyeshe alama ya halali. Ilinibidi nile ili asirudi kwenye pipa kutafuta ushahidi mwingine. Ugali wao mweupe ni mzuri, na achari ya maembe niliiomba tena.

Baada ya kula Kassim akaniambia maneno ambayo bado nayatafuna. Alisema kwamba huku hakuna anayemcheka mtu kwa babu yake kuwa mtumwa, wanamcheka kwa kuja kwa basi. Alisema watu wakisoma kadi ile humwandikia. Mama mmoja alimwandikia kwamba amemvalisha baba yake sebuleni na kumtembeza hadi getini, familia nzima ikifuata nyuma. "Nyumbani tunaona aibu ya Feruzi," alisema. "Aibu ingekuwa ya yule bwana. Feruzi alifungua duka."

Nilimwambia anipe kigezo, nirudi kwetu.

Akaingia chumbani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kanga. Nikafungua. Kibao chenyewe, umbo la unyayo mpana, kidole cha pili kirefu kuliko kidole gumba, rangi nyeusi ya mafuta. Nilimshukuru, nikamwombea dua, na hasira yote ikaniisha. Nilikichukua hadi kwenye kitanda nilichopewa, nikakaa nacho mapajani, nikapitisha kidole pembeni mwake pote.

Pembeni palikuwa laini.

Nyinyi si mafundi, niwaeleze. Kigezo huwekwa juu ya ngozi na kisu kikapita kandokando yake. Kila ukatapo, kisu hukwaruza kibao kidogo. Kigezo cha mwaka mmoja tayari kina makovu. Cha Feruzi nilikishika nikiwa mtoto, na pembeni mwake pote paling'atwang'atwa na visu vya watu watatu, baba mkubwa akiwa wa mwisho. Hiki mikononi mwangu hakijawahi kukutana na kisu cha ngozi. Nilikinusa, kikanuka majani ya chai na mafuta ya kupikia.

Nililia kwa uchungu. Nilidhani amekiuza. Watu wa huku wanapenda vitu vya kale, nikasema, kitakuwa ukutani kwa mtu kule Midrand.

Jeppestown tena

Asubuhi niliondoka na Mama Furaha, ambaye anakaa mtaa wa pili, tukafika karakana kabla ya Kassim. Nilikiweka kibao mezani, nikamweleza nitakalomwambia mdogo wangu, na halikuwa neno zuri. Mama Furaha alitia uzi kwenye sindano kwanza.

"Mama, miye sipendi kuingia mu mambo ya familia," alisema. "Lakini ile siku miye nilikuwa hapa. Batu balikuya na moto, banavunja milango ya wageni. Papa Nandi alipita mbio, miguu tupu, biatu iko mu mikono." Akaelekeza kidole kwenye ule mfuko mweusi msumarini. "Uangalie kwanza pale, njo useme naye."

Nilipanda kiti, nikaushusha mfuko. Ndani mlikuwa na jozi ya makubazi ya zamani, ngozi imekauka, upande mmoja umebabuka kwa moto. Unyayo mpana, kidole cha pili kirefu. Kassim akaingia, akanikuta nimeyapakata, na kile kibao chake kiko mezani.

"Hiki umekichonga lini?" nilimwuliza.

"Uliposema unakuja."

"Na cha kweli?"

"Kiliungua, dada."

Akakaa kwenye kigoda chake. Alisimulia akiangalia sakafu, nami nawapa kwa ufupi. Alikuwa na karakana nyingine wakati huo, mtaa wa chini. Alikuwa anafanya kazi, miguu mitupu kama kawaida, kigezo kiko kabatini, na viatu alivyovikata kwa kigezo siku baba yake alipomkabidhi viko pembeni yake. Moshi ukaingia, na moto nyuma yake. Angeweza kufungua kabati au kukimbia. Alikamata kilichokuwa karibu, akatoka dirishani, akakimbia mitaa sita bila kusimama. Alipotazama mikono yake, ameshika viatu, na miguu inatoka damu.

"Feruzi alisema asionekane tena mtu wa kwake miguu mitupu, kashika viatu," alisema. "Nikaonekana mimi. Mchana, watu wakiona. Sijavivaa tangu siku hiyo. Ningevivaa vipi?"

Kumbe raba ile haikuwa ya baridi. Na zile wiki mbili za kupotea kila nikitaja kigezo, nazo nikazielewa. Nilimhurumia mdogo wangu, na nilijionea haya kwa yale niliyokuwa nimempangia usiku kucha.

Aliinuka, akachukua gazeti, akaanza kuvifunga vile viatu. Alisema nimpelekee baba, labda vitasaidia, kwani vilikatwa kwa kigezo chenyewe. Alikuwa ameshavizungushia ukurasa mmoja niliposema hapana.

"Viweke chini, Kassim."

Alinitazama. Nikavua viatu vyangu, namba tano, nikavitia mfukoni. Kassim akalifungua gazeti, akaviweka sakafuni mbele yangu, vikitazama mlangoni, kisha akasogea kando kama inavyotakiwa. Nikavivaa mwenyewe. Ni namba kumi. Mguu wangu ulielea ndani yake. Mama Furaha akanikatia vipande viwili vya kitambaa cha gauni la kwaya, rangi ya zambarau, nikavifungia kwenye kifundo ili visinichomoke. Nikashuka ngazi, nikatoka nje. Kassim alitufuata amevaa raba zake, analia barabarani bila kujificha, na mafundi wa magari wakaacha kazi kututazama.

Kurudi

Siku tano nimevaa makubazi ya namba kumi. Nilikuwa nimeapa siyavui ila kwa kuswali na kulala. Beitbridge nilimkuta ofisa yuleyule. Akaangalia miguu yangu, akasema sasa ameelewa kwamba ni ya kiume. Harare mvua ilinyesha, nikatembea na mifuko ya plastiki juu yake. Kapiri Mposhi nilianguka kwenye ngazi ya basi, goti likachubuka, na kijana wa nyuma yangu akashauri niyabebe mkononi. Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe. Tunduma mng'arisha viatu aliniomba tubadilishane, anipe jozi mbili za mtumba. Kange ndipo mliponiona nyinyi, na mengine mnayajua.

Baba alikuwa amekaa dukani, mlangoni, mahali pake. Haoni, lakini masikio yake yangali mazima. Nilipokuwa bado hatua kumi aliinua kichwa.

"Nani huyo anakuja na miguu ya Omari?"

Omari naye alivaa jozi ya kigezo hichohicho. Nikamwambia ni mimi. Niliketi chini, nikanyoosha miguu, akavipapasa viatu vingali miguuni mwangu, kidole kwa kidole, akafika pale palipobabuka. Nilimweleza yote. Nilimweleza moto, na kigezo kuungua. Nilitaka kuiruka sehemu ya Kassim kukimbia, lakini baba aliuliza mwenyewe alivitoaje. Nikasema mkononi. Akarudisha kidole pale palipobabuka, na mimi nikaogopa.

Kisha akauliza nimevivaa tangu wapi. Nikasema tangu dukani kwa Kassim.

"Njia ya Feruzi ni dakika ishirini," alisema baba. "Wewe huna haja ya kuitembea. Lete ubao na penseli."

Nilivua, tukaweka kubazi la kushoto juu ya ubao wa mvule. Baba alilishikilia kwa mikono yake, nami nikapitisha penseli. Kigezo kipya kiko ukutani dukani, na ukipitisha kidole pembeni bado ni laini, ila tayari kina kovu moja. Ile jozi iliyoacha kovu hilo la kwanza si yangu. Baba ameagiza iwe ya Kassim, ambaye amenipa viatu vyake akabaki na raba.

Imekamilika tangu juzi, iko chini, inatazama mlangoni. Kwa posta haiendi, na kwenye begi la mtu haiingii, na sasa mnajua kwa nini. Kwa hiyo, mwenye mguu wa namba kumi anayekwenda Johannesburg, apite dukani.